Ndoo Thelathini na Nane Langoni Kwangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata mshtuko saa tatu asubuhi, hata chai sijanywa. Halmashauri imebandika tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa: kichochoro chetu kitapata bomba la maji. Bomba! La umma! Kabla mwezi haujaisha! Nimelisoma mara nne. Nimeugusa muhuri kwa kidole, wino ukanichafua. Muhuri ni wa kweli.

Tangu nihamie hapa halmashauri imetuletea kitu kimoja tu, nguzo ya umeme isiyo na waya. Mimi huanika soksi hapo. Sasa maji! Niliketi kwenye ngazi za ofisi, mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Tangazo linasema Alhamisi kuna mkutano wa wakazi wote. Ijumaa Afisa Maji atapita kukagua. Bomba litawekwa penye uhitaji mkubwa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo wavivu hawazisomi: atapatikana msimamizi wa bomba, naye atakabidhiwa ufunguo na koti la kazi.

Koti. Mimi ni dalali wa vyumba. Kutwa nashika funguo za watu wengine, na sijawahi kuwa na koti la kazi yoyote.

Halafu kuna jambo la mke wangu. Ana mimba ya miezi minane na nusu. Mkunga wa kliniki amemkataza kubeba ndoo, kwa hiyo nabeba mimi, kutoka kisimani bondeni, ngazi mia moja na kumi na mbili za mawe. Leo nimeondoka bondeni na ndoo tele nikafika na nusu. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya viatu vyangu. Mke wangu akaitazama ndoo, akavitazama viatu. Akasema kwa upole kwamba mtoto haogeshwi kwa viatu. Kama siku zake zitafika bila maji ya kutosha humu ndani, atakwenda kujifungulia kwa mama yake, na atarudi mtoto akishaweza kushuka kisimani mwenyewe.

Akishaweza kushuka kisimani! Hiyo ni miaka mitano, sita! Nimeduwaa. Chai imepoa mbele yangu.

Bomba litakuwa langoni kwangu. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mshindani nimeshamjua. Ni Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, fundi cherehani, anakaa kwenye kona hatua sitini chini yetu. Ana benchi nje ya duka lake na watu hukaa hapo bila hata kuwa na nguo ya kushonesha. Leo nimempitia kumpima mawazo. Akasema, bila aibu yoyote, kwamba bomba likija litafaa sana pale kwenye kona. Hatua kadhaa kutoka kwenye cherehani yake! Ubinafsi ulioje!

Akaniuliza kama kweli nautaka usimamizi. Nikajitia sijali. Akachukua futi yake akanipima mabega mbele ya watu, akasema koti la halmashauri litanimeza, itabidi alipunguze. Benchi zima likacheka. Amekuwa akinitania hivi tangu nimuoe dada yake.

Nikiwa kisimani nimepata wazo. Limenijia ghafla hata nikaiachia kamba.

Pale kisimani hatupangi foleni watu. Tunapanga ndoo. Unaiweka ndoo yako kwenye mstari, unakwenda zako kupika, kufua, kupiga soga, na hakuna atakayeiruka. Ndoo ni mtu. Kila mmoja wetu hapa anajua hivyo. Basi Afisa Maji akija Ijumaa akakuta mstari wa ndoo langoni kwangu, ameona nini? Ameona uhitaji! Uhitaji uliosimama wima, wenye vishikio!

Sijamwambia mke wangu. Nataka ashangae.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya mkutano. Sikwenda. Mikutano ni ya watu wasio na mpango.

Nilisimama tangu asubuhi pale watu wapitapo wakienda ofisi ya mtaa, nikamwambia kila mtu aniachie ndoo yake nimshikie nafasi kwenye foleni. Foleni ya nini? Ya maji. Sikusema uongo hata neno moja. Wakanishukuru! Bibi mmoja akaniombea dua. Jirani yetu tunayemwita Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake inatoka kwa sauti kubwa zaidi, akaleta ndoo tatu na kuahidi kuwaeleza wengine. Hadi saa sita nilikuwa na ndoo thelathini na nane. Nimezipanga kutoka langoni hadi kwenye nguzo. Ndoo zetu wenyewe mbili ndizo ya kwanza na ya pili.

Mke wangu alikwenda mkutanoni, mkono kiunoni, hatua moja moja. Nilimsihi alitetee lango letu. Aliporudi akasema mkutano umeamua jambo na angependa nilisikie. Nilikuwa nahesabu. Nikamwambia nitamsikiliza baadaye, nisije nikachanganya namba. Akaziangalia zile ndoo kwa muda mrefu. Akauliza za nani. Nikamwambia asubiri kesho aone.

Akasema, "Ninavyokujua, naogopa kesho." Nikacheka. Hakucheka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ushindi! Naandika mistari ikipanda na kushuka.

Saa mbili asubuhi nikafungua lango nikabaki mdomo wazi. Foleni ilikuwa imekua! Redio alikuwa ametangaza kwamba kwangu kuna maji, na watu wa kichochoro cha pili nao wakaja. Madumu, masufuria, makarai. Kulikuwa na beseni la kuogea mtoto. Kulikuwa na birika. Wanawake wawili walikuwa wakigombania nafasi nyuma ya karai moja, kila mmoja akidai ameamka kabla ya mwenzake. Nilikuwa nimepanga uhitaji wa watu thelathini na wanane, nikaletewa wa mia moja. Machozi yalinilengalenga.

Saa nne akaja Afisa Maji. Dada mdogo wa umri, viatu vya mpira, faili kwapani. Akasimama ghafla. Akautazama mstari toka mwanzo hadi mwisho, nyusi zikapanda. Akamuuliza Redio maji hutoka saa ngapi hapa. Redio, ambaye hajawahi kusema hajui, akamwambia yanatoka muda si mrefu. Akauliza kama foleni huwa na utaratibu. Wakamwambia utaratibu ni mzuri kabisa, kila ndoo ina namba. Akauliza nani msimamizi.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali.

Akanipa mkono. Akaandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Akasema mbele ya watu wote: "Kila kichochoro kingekuwa na mtu kama wewe, ofisi yetu ingepumzika." Shemeji alikuwa amesimama kwenye kona yake na futi shingoni, ametoa macho. Nilimwona! Nitaikumbuka sura ile siku zangu zote.

Alipoondoka watu wakaniuliza mbona maji hayatoki. Nikawaambia wawe na subira. Wakaacha vyombo vyao kwenye mstari wakaenda zao.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mama Mkwe amewasili kumsubiri mjukuu. Nilimpokea begi, nikainama nikamsalimu kwa adabu zote. Akaomba maji ya kunawa miguu.

Hapakuwa na maji. Si kwetu tu. Kichochoro kizima! Tangu Alhamisi hakuna aliyeteka, maana ndoo zote zipo langoni kwangu, na hakuna anayethubutu kuitoa yake asije akapoteza nafasi. Jirani wa kushoto amepikia maji ya chupa. Jirani wa kulia hajapika. Mama Mkwe alisimama uani na vumbi la safari miguuni, akanitazama, na mimi nikautazama ukuta.

Kisha Shemeji akaingia na karai la maji kichwani. Limejaa pomoni! Mwanamume mzima amepanda ngazi mia moja na kumi na mbili na karai, na fulana yake kavu! Akamnawisha mama yake miguu. Akaniambia kwa upole wa kuudhi: "Shemeji, ukitaka kuliazima karai, sema."

Nimeshikwa na haya mpaka masikio yamewaka. Lakini acha. Koti likija tutaona nani atamwazima mwenzake nini.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Barua ya halmashauri imefika. Redio akasimama kwenye ngazi ya ofisi ya mtaa akaisoma, na sote tulikuwa chini yake tunasubiri. Kwamba kichochoro chetu kimekaguliwa. Kwamba kimekutwa tayari kina huduma ya maji, yenye utaratibu mzuri na watumiaji wengi. Kwamba halmashauri inampongeza mkazi anayeisimamia. Na kwamba kwa sababu hiyo bomba lililokusudiwa kuletwa kwetu litapelekwa kichochoro cha pili, kisicho na huduma.

Redio akasoma mara ya pili, kwa sauti ndogo, na sijawahi kumsikia Redio akiwa na sauti ndogo. Wale wa kichochoro cha pili wakashangilia kidogo wakanyamaza.

Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ingekuwa nafuu. Walikuja langoni mmoja mmoja, kila mtu akachukua ndoo yake, vishikio vikalia kwa zamu, na wakateremka kisimani. Yule bibi aliyeniombea dua aliichukua yake kwa mikono miwili. Ana miaka sabini na kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba naye hushuka zile ngazi.

Ndani, Mama Mkwe anakunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani ya begi. Mke wangu amekaa kitandani anazihesabu nepi. Nimemuuliza wanakwenda lini. Akasema Alhamisi, kabla uchungu haujaanza, kwa sababu kule kwa mama kuna maji. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitoka uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Lakini nikiwa pale juu ya ndoo nikaona njia. Rahisi mno! Wao wanasema kuna huduma na mimi ndiye msimamizi. Vema. Msimamizi anaweza kutoa taarifa kwamba huduma imeharibika! Huduma ikiharibika, haipo. Isipokuwapo, bomba linarudi. Nimeandika barua papo hapo: "Napenda kuwaarifu kwamba tangu leo maji hayatoki kabisa." Nimetia sahihi. Nimeipeleka kwa mkono wangu na karani ameigonga muhuri.

Kwa kawaida yao watajibu baada ya miezi mitatu. Lakini angalau nimefanya jambo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wamekuja leo!

Siku moja! Siku moja tu! Saa moja na nusu asubuhi gari la halmashauri limesimama langoni, mafundi wawili na sururu, koleo na kipande cha chuma kirefu. Nimeshika fremu ya mlango nisianguke. Wakasema wamepata taarifa ya dharura kutoka kwa msimamizi na wamekuja kutengeneza. Wakaniuliza bomba langu limepita wapi.

Nilitaka kusema ukweli. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kiongozi wao aliniita mheshimiwa. Nikanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

Wakachimba. Walichimba kwa moyo mmoja, sijapata kuona watu wa ofisi wakifanya kazi namna ile. Kila walipokosa wakasogea hatua moja na kuanza upya. Ilipofika adhuhuri walikuwa wamezama mpaka kifuani, na handaki linapita mbele ya mlango wetu toka ukuta hadi ukuta. Fundi mkubwa akafuta jasho akasema amefanya kazi hii miaka ishirini na hajaona mtu aliyelifukia bomba chini kama mimi. Akasema kwa heshima kabisa. Wamekwenda kutafuta chuma kirefu zaidi.

Mke wangu alipotaka kwenda chooni ilibidi aletewe ubao. Shemeji kashika upande mmoja, Mama Mkwe upande wa pili, na mke wangu akavuka juu ya handaki na tumbo lake, mikono imetanuka. Mimi nilikuwa ndani ya shimo natafuta njia ya kusaidia. Akafika katikati akasimama. Akanitazama chini.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Usifanye kitu chochote."

Nimekaa saa mbili. Hata kutoka ilibidi Shemeji anivute.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya na viatu vimenipotea, sijui wapi.

Leo ndiyo siku waliyopanga kuondoka. Mke wangu alivuka ubao na mama yake na begi. Shemeji mbele. Mimi nikawafuata kwa mbali kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kufanya kitu na kufuata si kitu. Walipofika njia panda, pale ambapo gari za kwenda kwa Mama Mkwe husimama, mke wangu hakusimama. Akageuka kulia. Nikashangaa. Kisha nikaona milango ya kichochoro inafunguliwa nyuma yangu na wanawake wanatoka, kila mmoja na ndoo yake mkononi, tupu. Yule bibi pia. Redio alikuwa mbele na hakuwa anasema neno. Wakanipita kama nguzo yangu ya soksi.

Wakaenda mpaka makao ya halmashauri. Wakazipanga ndoo mbele ya mlango mkubwa, moja nyuma ya nyingine, hadi barabarani. Kisha wakakaa.

Sasa haya mengine niliyaona kwa macho yangu mawili na bado siamini. Wafanyakazi wakaanza kuchungulia madirishani. Karani mmoja akatoka na chupa yake ya chai, akaiweka mwisho wa mstari. Mlinzi akaleta ndoo ya kudekia. Mtu wa ofisi ya ardhi akauliza yanatoka saa ngapi!

Afisa Maji akatoka mbio na viatu vyake vya mpira. Akautazama mstari, nyusi zikapanda vilevile kama siku ile. Mke wangu akasimama kwa shida, akaiinua ndoo ya kwanza, akaigeuza juu chini mbele yake. Vumbi likamwagika.

"Dada," akasema, "hii ndiyo foleni uliyoiona kwetu. Hata pale hapakuwa na maji. Palikuwa na mume wangu."

Yule dada akaitazama ndoo, akalitazama tumbo la mke wangu, akafungua faili akaufuta ukurasa mzima kwa mstari mmoja. Akamwomba radhi. Afisa wa halmashauri, mbele ya watu, akaomba radhi! Akasema uamuzi wa mwanzo utarudi kama ulivyokuwa na kazi itaanza wiki ijayo.

Hapo mke wangu akashika mlango. Nikajua kabla ya wote, namjua anavyofumba macho. Nikapiga kelele kwamba waite gari la wagonjwa, halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimewaambia watu miaka yote kuwa gari la wagonjwa la halmashauri halina magurudumu. Lilifika baada ya dakika sita. Lina magurudumu manne. Nimeyahesabu nikikimbia nyuma yake.

Ni binti. Mzima, na mama yake mzima. Muuguzi amenipa nimshike na nimelia, sioni sababu ya kuficha.

Kwenye ukuta wa wodi kuna bomba la halmashauri. Ukilifungua, maji yanatoka. Ukilifunga, yanakoma. Nimelifungua na kulifunga mara kumi na moja, nikatolewa nje.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Bomba limefunguliwa leo. Liko kwenye kona kwa Shemeji.

Nilimuuliza Afisa Maji, kwa sauti ya kiungwana, ni njama gani imelipeleka kule. Akanieleza. Bomba kuu la mji linapita chini ya ile kona, kwa hiyo ni hapo tu linapoweza kuungwa bila kuivunja nyumba ya mtu. Wakazi walielezwa hivyo mkutanoni tarehe sita, wakaridhia wote kwa kuinua mikono. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa mke wangu!

Nikamuuliza basi Ijumaa ile alikuja kukagua nini. Akasema alikuja kuhakikisha jambo moja tu: kwamba hatuna maji.

Nikalazimika kukaa kwenye benchi la Shemeji. Akanisogezea nafasi bila utani. Utani aliuhifadhi kwa ajili ya koti. Maana msimamizi naye alikuwa ameshachaguliwa kwenye mkutano uleule. Mke wangu! Hilo ndilo alilotaka nilisikie siku ile nilipokuwa nahesabu. Koti Shemeji amelipunguza likamkaa sawasawa, na ufunguo anauning'iniza shingoni, na binti yetu hulala ndani ya mfuko mkubwa wa mbele, au karibu hivyo.

Nikapanga ndoo yangu. Nilikuwa wa kumi na nne. Nilidhani, kwa kuwa tunalala nyumba moja, labda. Akaita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule bibi alikuwa wa kwanza. Zamu yangu ilipofika akanijazia mpaka juu na kusema ahsante kwa kusubiri. Nikapanda hatua sitini. Viatu vikavu. Mama Mkwe akamwogesha mjukuu wake kwa maji yale uani, karibu na handaki ambalo bado sijamaliza kulifukia, na begi la nguo za mtoto lilikuwa tupu juu ya kabati. Hawaendi popote.

Nimekaa kizingitini nikiwatazama na nikajisikia mtu mwenye bahati. Nimeamua kutulia. Nimejifunza.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Siamini! Halmashauri imebandika tangazo lingine!

Kliniki ya watoto itakuwa inatufuata mtaani, kila wiki, muuguzi na mizani na chanjo. Itawekwa penye uhitaji mkubwa. Jumanne mkutano wa wakazi, Jumatano afisa atapita kukagua. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: atapatikana msimamizi wa foleni ya watoto, atakayekabidhiwa kofia.

Kofia!

Nimeketi kwenye ngazi zilezile za ofisi ya mtaa nikafikiri kwa utulivu kuhusu mambo ya mwezi huu, na nimeona wazi nilipokosea. Kosa lilikuwa ndoo. Ndoo haina sauti. Mtu anaweza kuitazama ndoo akaelewa vingine. Lakini kichanga kinalia! Afisa hawezi kuelewa vibaya mstari wa vichanga vinavyolia langoni kwa mtu.

Nimezunguka kichochoro tangu mchana. Nimewaambia akina mama waniachie watoto wao Jumatano asubuhi niwashikie nafasi. Nafasi ya nini? Ya kliniki. Sikusema uongo hata neno moja. Nimeahidiwa vichanga kumi na mmoja, na Redio ameahidi kuwaeleza watu wa kichochoro cha pili. Nitawapanga kwenye makarai, kutoka langoni hadi kwenye nguzo. Karai Shemeji ameshaniazima, hakuuliza la nini. Binti yangu nimemwekea namba moja.

Mkutanoni sitaweza kwenda, nitakuwa naandika namba. Mke wangu ameniona natafuta kalamu, akauliza ya kazi gani. Nimemwambia asubiri Jumatano aone. Ameuvua ufunguo shingoni na kukaa chini polepole, labda amechoka.

Na afisa akiuliza nani msimamizi, mkono wangu nimeshaufanyisha mazoezi.